Mabati ya Simiti Hayaji, na Mimi Sijafa

Bondeni, Nakuru

Kwako mke wangu Rebeka, Mama Ayubu,

Nakusalimu sana, na neno la kwanza ulijue ni hili: sijafa. Ni mzima, nakula, naenda kazini, na jana nimegombana na watu wawili. Wewe je? Watoto wanaamkaje? Mguu wa mama umepoa? Nauliza ingawa barua yako imenieleza yote, na tangu niisome sijatulia hata kidogo.

Rebeka, nani alikutuma uezue nyumba? Mimi nilisema nitaleta mabati. Sikusema nimeleta! Umetoa nyasi zote, mvua imeshaanza, sasa mnabanana na watoto jikoni kwa mama. Na kana kwamba hayo hayatoshi, ukamwacha fundi ashushe kile kijiti cha kileleni akitupe uani kama kuni. Wewe ni mtu wa kwetu, unajua kijiti kile hushushwa siku gani. Mwenye nyumba akiwa hai, kinakaa juu. Watu wamepita njiani, wameona kwa Zakayo hakuna kijiti, wakasema basi, Nakuru imemmeza. Ndiyo maana baba yako akaja na jogoo wa matanga, na mama akaanguka chini akilia. Eti baadaye, ulipowaeleza kwamba ni fundi tu, mlicheka. Mimi sijacheka.

Najua mdomo ni wa Enosi. Ndugu yangu huyu akienda likizo lazima arudi mkubwa kuliko alivyoondoka. Alikuambia nimepewa paa zima la nyumba ya Milimani, bure, na hapo hakusema uongo. Ila sasa keti chini nikuambie: mabati hayo hayaji.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya wale wazungu wa mwanzo. Paa lake si la chuma, ni mabati ya simiti, mazito, ya kijivu, na dari ni ya namna hiyo hiyo. Mwenyewe anataka vigae vyekundu, kwa hiyo sisi maseremala tunayashusha ya zamani. Yakivunjika yanatoa vumbi laini kama unga wa muhogo. Tunarudi Bondeni jioni nyusi nyeupe, watoto wa jirani wanatuita wazee.

Pale kazini tuna Mzee Petero, anayetoka kule Bahati, ambaye ujana wake wote alikuwa akifunga boila, ile mitungi mikubwa ya mvuke, kwa pamba ya mawe. Sasa akipanda ngazi hatua chache anakaa, anashika kifua, anavuta pumzi kama mtu aliyekimbizwa na ng'ombe. Siku ile aliokota kipande, akakivunja mbele yangu, akanionyesha vinywele vyeupe vimetokeza. Akasema, "Zakayo, naona ni asbesto hii, ile ile pamba ya mawe. Daktari aliniambia vumbi lake likiingia halitoki. Wenzangu niliokuwa nao kule wameisha." Vijana wakamcheka, wakasema kinachomkohoza mzee ni tumbaku.

Nikamwuliza kontrakta. Akajibu, "Ni simiti tu, fanya kazi." Nikamwuliza memsahibu mwenye nyumba, naye akasema ni mabati mazuri kabisa, nina bahati kuyapata. Haya. Lakini watoto wake amewahamishia kwa rafiki yake mpaka vumbi liishe, na madirisha ya vyumba vyao ameyafunga akaziba na magazeti. Kama ni simiti tu, mbona wake wamehamishwa? Na kama si simiti, mbona mimi nipewe niwafunike wangu?

Nikamwambia Enosi simamisha lori alilokodi kuyaleta mabati huko nyumbani. Weee! Alinipigia kelele mbele ya uwanja mzima. "Kaka, shemeji analala jikoni na watoto, wewe unasikiliza kikohozi cha mzee?"

Nikamwambia, "Namsikiliza kwa sababu nakisikia."

"Hujui kama ni asbesto kweli!"

"Sijui. Wewe unajua kwamba siyo?"

Akaondoka amenuna, mpaka leo hatusemezani, na chumba tunalala kimoja. Mabati wamechukua watu wengine, wamejengea mabanda ya kuku. Nilijaribu kuwakataza, wakaniona mwenye wivu. Nimechoka na watu, Rebeka. Nimechoka kabisa.

Lakini kilichonitoa jasho si hayo. Ni mstari wa mwisho wa barua yako, ulioandika kama jambo la kufurahisha: kwamba kipande alicholeta Enosi ili uone kinaandika vizuri kama chaki, na Ayubu anakisaga juu ya jiwe apate unga wa kuchorea ukuta. Niliusoma mara nyingi. Mtoto wangu! Mimi nazuia lori Nakuru, kumbe kitu kimetangulia nyumbani mkononi mwa mtoto.

Kwa hiyo ukisoma hapa, weka barua chini uende. Mnyang'anye, hata akilia. Usikivunje, usikitupe motoni maana kinalipuka. Kimwagie maji, na ule unga ulioko juu ya jiwe na ukutani ufute kwa kitambaa kilicholowa, usifagie. Kitambaa nacho kiende pamoja. Mlikuwa tayari kunilia, nina hakika kuna mtu alishatafuta jembe. Basi jembe hilo litumike. Chimbeni shimo refu, mzike kile kipande, mimi mniache.

Nimeomba ruhusa, nimepata. Nakuja kwa treni mwisho wa mwezi. Kata nyasi, nyingi, za kutosha nyumba nzima. Aibu ya nyasi tutaivumilia. Kijiti kitafute huko uani, usikichome. Nitakipandisha mwenyewe mchana watu wote wakiniona.

Nisalimie baba mkwe, na jogoo wake asichinjwe. Aliletwa kwa ajili yangu, nitamla mwenyewe. Wasalimie mashangazi waliolia, waambie sauti zao nimezisikia mpaka huku. Msalimie mama, mshike mkono, mwambie mwanawe anakuja na miguu yake. Na Ayubu mwambie nimemnunulia chaki ya kweli, pakiti nzima, ya rangi.

Ni mimi mumeo, niliye hai,
Zakayo