Kwa Mama, Mtunza Bustani ya Mnara wa Mashujaa

Mama, mwaka umezunguka tangu ulipotutoka, na bado hatujazoea. Baba huteremsha vikombe viwili kila asubuhi, kisha hukirudisha kimoja kabatini.

Bustani ya mji uliitunza kama sebule yako. Aliyetupa karatasi kwenye nyasi ulimfokea, hata akiwa mwenyekiti wa baraza. Wapenzi waliong'ang'ania benchi mpaka saa ya kufunga uliwatikisia funguo: "Haya, mapenzi yana kwao. Nendeni nyumbani."

Mnara wa waliokufa vitani uliusugua kwa mikono yako, jina kwa jina, isipokuwa moja. Jina hilo ni la mdogo wako, Mjomba wetu. Habari ililetwa kwamba ameuawa. Tukamlilia, wakamchonga kwenye jiwe pamoja na wenzake. Vita vilipokwisha, akaingia langoni mwa bustani kwa miguu yake, kakonda, begi mgongoni. Ulimkumbatia, kisha ukamzaba kofi kwa ajili ya machozi yote uliyomlilia.

Baraza lilipotaka kulifuta jina, Mjomba alikataa. "Liacheni. Nikifa kweli, kazi itakuwa imeshafanyika." Sote tulicheka, wewe hukucheka. Ukaliacha liote kuvu. Ulisema, "Huyu simsafishii. Huyu yupo, na siku yake ikifika nitamzika mwenyewe."

Ukatangulia wewe. Mjomba hajapona, Mama. Aliliomba baraza jina lako liandikwe pale ulipomalizia nguvu zako. Wakamjibu kwa upole kwamba mnara ni wa askari. Alirudi akakaa jikoni kwako bila kuvua kofia, akalia kwa kwikwi, mtu mzima yule, na sisi hatukujua pa kumshika.

Jana alibeba ndoo na sabuni, akalisugua jina lake mpaka herufi zikaonekana. Leo asubuhi ameweka maua chini yake. Mlinzi mpya akamshangaa: "Mzee, unajiwekea maua mwenyewe?"

"Nafasi hii walinipa mimi," Mjomba akamjibu. "Nimempa dada yangu."

Unakumbukwa na mumeo, mdogo wako, wanao, wakwe zako, majirani zako wa mtaani, na wajukuu zako ambao bado wanaupanda mnara kwa kuwa hakuna wa kuwakemea.

Tukiwa hai hatutakusahau, Mama. Sasa tunajua pa kukuletea maua.