Nywele Rangi ya Papai

Jumatano, 17 Aprili 1996

"Mwanamke anayeficha mvi, kuna na mengine anaficha." Shemeji Ambindwile, ndugu yake Baba Tulia, kayasema hayo leo, akinywa chai yangu, pama kichwani. Pama! Tangu kipara kilipomfika utosini hajaonekana kichwa wazi, hata mezani, hata kanisani. Basi atuambie na yeye anaficha nini.

Nilimjibu hivyo hivyo. Kacheka. Pama hakuvua.

Ugomvi wenyewe si mvi. Ni Jumamosi. Watu wa Kisondela wanakuja kumposa Tulia wangu. Kijana ni mzuri, Tulia anampenda, hapo sina neno. Ila shemeji anataka harusi Juni, na chuo cha ualimu kinamsubiri binti Julai. "Atasoma akiwa kwa mumewe," anasema. Nani kasoma hivyo katika ukoo huu? Anitajie mmoja! Nitaingia sebuleni niseme mwenyewe: chuo kwanza. Eti haiwezekani — baba mkwe wangu atakuwemo, na mkamwana, mke wa mwana, haketi chumba kimoja na baba mkwe. Miaka yote hii mzee akipita njiani mimi najibanza kwenye migomba kama mwizi. Jumamosi sijibanzi.

Na nitaingia na nywele nyeusi tii. Nimenunua rangi kwa Rukaya. Juzi juzi tu tulikuwa tunagombea sabuni kwenye foleni; leo duka lake lina rangi za nywele za kila nchi. Soko huria hilo. Wacha na mimi nifaidi!

Alhamisi, 18 Aprili 1996

Papai! Kichwa kizima rangi ya papai lililoiva!

Boksi lilikuwa na chupa na tyubu. Maandishi siyajui — si Kiingereza, si Kiarabu. Mimi, ninayeandikia magazeti kuwasahihisha mawaziri, nikabahatisha! Nikapaka ya kwenye chupa, nikakaa nayo nikibishana na redio mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Tulia kaligeuza boksi. "Mama, huku nyuma kuna picha. Vinachanganywa; ya chupa peke yake inatoa rangi tu." Kisha akakimbilia uani kucheka.

Baba Tulia kanitazama. "Unafanana na jogoo wa jirani zetu kina Lusungu." Akauona uso wangu. "Lakini yule jogoo mzuri."

Mbio kwa Rukaya. Akashika kiuno. "Mwalimu! Wiki iliyopita umeweka dawa ya kulainisha, jana umenunua hii, na leo unataka nyingine? Zikatike zote, uje uliseme duka langu!" Kagoma kuniuzia. Nipake mafuta ya nazi, nisubiri wiki mbili. Wiki mbili! Wageni keshokutwa.

Ijumaa, 19 Aprili 1996

Chai! Wazo la wifi Felista, dada yake Baba Tulia. Tumechemsha majani sufuria nzima mpaka yakawa kama lami, yakapoa, nikajimwagia na kukaa nayo asubuhi yote. Matokeo — kahawia. Kahawia ya heshima kabisa! Nikatoka nikiimba kwenda Kawetele kufuata ndizi za wageni.

Mvua.

Nimerudi kola nyeupe imekuwa rangi ya chai, papai liko pale pale kichwani.

"Jifunge kitambaa, wifi," kasema Felista. "Tena mzee atafurahi, ataona umemheshimu."

Hapo ndipo penye mtego. Mkamwana anayejifunika kichwa kwa ajili ya baba mkwe ndiyo amekubali kukaa jikoni na kunyamaza. Nisipofunika, shemeji atapata kicheko chake, na chuo cha Tulia kitazama humo humo kwenye kicheko. Nimewahi kubishana na watu wenye madaraka makubwa. Sijawahi kushindwa na nywele.

Jumamosi, 20 Aprili 1996

Jikoni. Wamefika. Nimejifunga kitambaa — ndiyo, nimejifunga! Felista anapakua, mimi naandika juu ya ungo. Mlango wa sebule uko nusu wazi, nasikia kila kitu.

Shemeji anawaambia wageni harusi ni Juni. Mama wa mtoto hana neno, kasema.

Kiti cha baba mkwe kimelia.

Kisha sauti ya mzee, taratibu: "Yule hana neno? Uso wake siujui vizuri, lakini sauti yake inapita ukuta wa nyumba yangu miaka yote. Leo anaumwa?"

Wageni wamecheka. Baba Tulia kakohoa — kikohozi chake cha kuniita, nakijua.

Tulia kasimama hapa na trei ya vikombe, ananitazama. Hacheki tena.

Nimefungua kitambaa. Felista kashika mdomo. Naingia, na nitaanza hivi:

Haya, ninyi mlioko humo ndani. Wageni wa Kisondela, tazameni mshibe, kisha mnisikilize. Baba mkwe, sauti unayoijua inakuja na kichwa chake. Baba Tulia, nisogezee kiti. Na wewe shemeji, mimi nimefunua changu — vua pama!