Mguu Wangu wa Farasi

Al Mansoura, Doha
21 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Philipo,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama Trevor na wote mlio nyumbani. Goti lako linasemaje siku hizi? Na yule ng'ombe anayekataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa wewe, bado ana maringo yake? Mimi ni mzima, ila uchovu umenihamia kabisa. Wazee ninaowauguza wodini hawalali, kwa hiyo na mimi silali.

Hapa baridi inaisha. Vumbi limerudi, hata ukipanguza dirisha asubuhi, jioni ni kazi bure.

Umeniuliza farasi wetu atakimbia lini tena, na ukasema umeshatangaza kanisani kuwa mpwa wako ana farasi Uarabuni. Haki Mjomba, mdomo wako! Nilikuambia ni hisa tu, tena hisa ndogo tuliyonunua watu wanne: mimi, Faridah ninayekaa naye chumba kimoja, Eugene wa hotelini, na Kiprop dereva, ambaye ndiye aliyetuingiza katika mambo hayo.

Hatukujua lolote kuhusu farasi. Siku tuliyokwenda kumwona zizini, huko Umm Salal, tulimgawana kama ng'ombe wa sherehe kule kwetu. Kiprop akachukua kichwa, Faridah mgongo, Eugene akapewa makalio akanuna, na mimi nikaachiwa mguu wa mbele wa kushoto. Tulicheka mpaka watunza farasi wakatushangaa. Jina lake la Kiarabu lilitushinda, basi tukamwita Mzee. Alikuwa na tabia ya kunusa mkoba wangu akitafuta tende, na nisikudanganye, Mjomba, nilimpenda.

Wiki iliyopita nikamshika ule mguu wangu, nikausikia una joto. Joto la namna ile nalijua kwa kazi. Mkufunzi alisema ni uchovu tu, wenye farasi waamue wenyewe kama atakimbia Alhamisi. Wenye hisa kubwa wakagawanyika nusu kwa nusu, na kauli yetu sisi wanne ndiyo ikabaki ya kuamua.

Tuligombana jikoni. Nilisema apumzike, ng'o, hakimbii. Kiprop alikuwa ameshaalika marafiki zake wote waje kumtazama. Akanijibu, "Nyanchama, mguu ni wako, sawa. Lakini kichwa ni changu, na kichwa ndicho huamua." Wenzangu wakaangua kicheko. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu imevimba, nataka kitanda tu. Nikawaambia, "Fanyeni mtakavyo." Nikaenda kulala.

Alhamisi hiyo nilikuwa zamu. Faridah akanipigia simu akilia hata sikumwelewa mwanzoni. Mzee alikuwa anaongoza, Mjomba, anaongoza kwa mara ya kwanza maishani mwake! Walipofika kona ya mwisho mguu ukavunjika. Ule ule. Watu wakaja mbio, wakamzungushia pazia. Faridah alitaka kuendelea kunieleza, nikamwambia basi, inatosha. Mapazia nayavuta mimi kila siku huku wodini, najua huvutwa kwa nini.

Watu hapa wananiambia ni mnyama tu, pole, maisha yaendelee. Nami naendelea, nifanyeje? Chakula tu ndicho hakipandi.

Jana Kiprop alikuja, akasimama mlangoni na mfuko wa machungwa, akaomba msamaha huku machozi yanamlengalenga. Nilimkaribisha, tukanywa chai. Sijui nimsamehe nini. Yeye hakuwahi kuushika ule mguu. Niliushika mimi.

Basi, Mjomba, kanisani wakiuliza, waambie ukweli, hata kama utaona aibu kidogo. Watoto, Chelsea na Bradley, ni wadogo, wao waambie amestaafu.

Nisalimie Mama Trevor sana, na Mungu awafunike nyote kwa mkono wake mpaka tuonane ana kwa ana.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, japo nimechoka,
Nyanchama