Taa ya Mjusi Ibaki Pembeni

Baba,

Nimekwenda kwenye usaili. Chai iko kwenye chupa. Taa ya yule mjusi wangu mwenye ndevu za miiba kidevuni usiizime kabla ya jua kuzama, na tafadhali usiirudishe katikati. ~~Mama amkatie mboga.~~ Mboga nimeshakata, zimo kwenye kisahani cha bluu.

Ulisema asipokula hadi leo, arudishwe dukani. Siku nne amelala mweusi kama mkaa, nami na shahada yangu ya elimu ya wanyama napekua vitabu. Asubuhi Mama aliacha cherehani, akaingiza mkono kwenye boksi lake la kioo analoishi, akaupitisha taratibu kama anavyopima joto la pasi.

"Mwanangu, huku moto, kule moto. Akichoka na joto akimbilie wapi?"

Mimi niliitundika taa katikati kwa huruma, ili joto limfikie kila mahali. Tukaisogeza pembeni, juu ya jiwe. Upande wa pili tukaegemeza kigae, apate kivuli.

Baba, alipanda jiwe mwenyewe. Weusi ukamtoka polepole kuanzia kichwani, akawa rangi ya mchanga mkavu. Mama alishika mdomo. Mjusi akashuka kivulini, akarudi juu, kama mtu anayekagua nyumba mpya. Halafu akala panzi wawili.

Siku nne zote alikuwa anatuambia, kwa ngozi yake tu, nasi hatukusikia.

Ukirudi, vuta kiti umtazame kidogo. Hukumu utoe baadaye.

Kifungua mimba wako