Mafuta Niliyoyasomea

Jumatano, baada ya Magharibi. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, ndani ya teksi inayotoka mtaani kwetu, Al Qusais. Unyevu ni mwingi hata vioo vinatoka jasho kwa nje, na kanzu imenigandia mgongoni. Lakini kinyaa nilicho nacho hakitokani na joto. Majina ya wenzangu nimeyageuza.

Leo nimeisomea bangi Fatiha.

Naliandika neno hilo lilivyo, nisije nikalipamba kesho. Kabla ya Magharibi alinijia Salma, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Malindi, ambaye hupokea wagonjwa katika kliniki ya meno kule Oud Metha. Binti yake Nuru, mwenye umri wa miaka sita, ana kifafa, na mimi ndiye ninayemsomesha juzuu. Salma alinipa kichupa cheusi, akaniomba niyasomee mafuta ya mtoto, kama watu wetu wanavyoniomba miaka yote niliyokaa mji huu wa ugenini. Nilisoma Fatiha mara saba, nikapuliza. Kwenye kibandiko palikuwa na muhuri wa serikali ya nchi ya mbali na picha ya jani lenye vidole.

Nilidhani ni kisamvu.

Mke wangu, Bi Rukia, ndiye aliyevaa miwani. "Sheikh," akasema, "tangu lini kisamvu kikakamuliwa mafuta?"

Salma akainamisha kichwa. "Maalim, ni dawa. Serikali ya huko imeruhusu. Hata muhuri iko."

Nilimtaka anieleze ruhusa hiyo ilivyopatikana. Kaka yake anaishi huko. Alijaza fomu kwenye simu, akadai kuumwa mgongo. Daktari akamuuliza maswali matatu bila kumwona, na kadi ikatoka. Kipimo kikaandikwa cha mwanamume mzima. Hakuna mkaguzi aliyeuliza chupa inakwenda kwa nani. Ikaingia hapa katikati ya soksi za msafiri, bila kibali chochote, na tangu Jumapili Nuru anatiwa matone chini ya ulimi, huku vidonge vyake vya hospitali vimewekwa kando.

Hapo ndipo nikajua kwa nini Salma alitaka yasomewe leo. Tangu asubuhi mtoto analala tu. Akiamshwa huitika, kisha hulala tena.

Nakiri kwamba mimi niliwahi kuutetea mpango kama huo, wa serikali kuruhusu bangi iwe dawa. Msikitini wenzangu walipoulaani, niliwaambia kuwa dharura ina hukumu zake: awepo tabibu mwaminifu, ikosekane dawa nyingine, kipimo kisizidi haja. Nikasema dola zinazosimamia jani hili kwa leseni na ukaguzi zinatimiza masharti yaleyale tuliyoyasoma vitabuni. Nilijiona mwenye elimu.

Muhuri ni ushahidi. Anayeupiga anashuhudia kwamba ameona. Wale hawakuona kitu, wakashuhudia.

Na mimi nilipuliza bila kuuliza.

Nilikwenda kuyamwaga kwenye sinki, mkono ukakataa. Kilichosomewa Qurani hakimwagwi kwenye maji machafu. Hilo nimewafundisha watoto wote waliopita mikononi mwangu. Nikasimama jikoni na chupa ambayo sheria inanikataza kuiweka na adabu inanikataza kuimwaga.

Bi Rukia akanitoa katika ujinga huo. "Kwanza ukiimwaga, daktari atajuaje mtoto amelishwa nini? Vaa viatu, Sheikh."

Salma alikuwa akilia mlangoni. "Wakiniuliza, Maalim? Kafeel, mdhamini wangu, akinifutia viza, Nuru atatibiwa na nani?"

Nilimwambia tu kwamba mtoto asipewe hata tone moja tena, na kwamba kwa daktari hatutaficha neno. Alipoinyooshea mkono chupa ili aitie mkobani mwake, nikaibana mimi, ili ikiulizwa niulizwe mimi.

Imo mfukoni mwa kanzu yangu, upande wa kushoto, imefungwa kwa leso. Wakiuliza hospitalini ilikotoka, nitasema nimekuja nayo kutoka nyumbani kwangu. Hilo ni kweli, ingawa najua si kweli yote, na mtu aliyetoka kuwalaumu wengine kwa ushahidi anapaswa kuona haya. Naona haya. Lakini kwa Salma siirudishi.

Hospitali naiona mbele, taa zake nyekundu. Nuru amelala mapajani mwa mama yake. Sasa hivi amefumbua macho, akaniangalia kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti nzito kama leo hatusomi.

Nimemwambia tumeshasoma.