Kovu la Baba

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Cherehani yangu nayo ni nzima, ila wiki ya tatu sasa sijaigusa, na wateja wameanza kuninunia.

Baba ni mgonjwa, kaka. Ningekupigia simu, lakini nashinda kando ya kitanda chake, na masikio yake ni makali; yapo humu nisiyotaka ayasikie.

Ilianza kwa kuwashwa mwili na maumivu chini ya mbavu za kulia. Kisha macho yakageuka manjano, akawa anatetemeka kwa homa. Picha ya hospitali ikaonyesha vijiwe vimeziba mrija wa nyongo. Daktari akasema hatampasua. Atapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, ushuke hadi kwenye utumbo pale mrija unapofungukia, avitoe vijiwe kwa njia hiyo hiyo.

"Mzee amewahi kupasuliwa?" akauliza. Baba akasema hapana. Na hilo kovu refu? Pembe ya fahali, akajibu, enzi za ujana. Nami, Kimbelembele wenu, nikadakia kwamba ni kweli tupu, hadithi hiyo nimekua nayo.

Nilikaa kwenye benchi la korido saa mbili nzima. Daktari alipotoka, jasho lilikuwa linamtiririka. Akaniuliza, bila ukali, ni nani aliyemkata baba tumbo. Nusu ya mfuko wa chakula haipo, na utumbo umeunganishwa upya, una njia mbili. Alifuata ya kwanza, ikampeleka siko. Akafuata ya pili, mpira ukamwishia njiani na utumbo ukaanza kuchubuka, akaacha. Angejua mapema angekuja na kifaa kingine. Tangu siku hiyo homa imepanda na baba hali kitu. Nimejilaumu mpaka nimechoka.

Nilimbana shangazi. Akapiga chenga weee, mwishowe akayamwaga yote. Hapakuwa na fahali. Baba alikuwa mlevi, kidonda cha tumbo kikapasuka, na wewe, mtoto wa miaka kumi na mitatu, ndiye uliyemsukuma kwenye mkokoteni hadi hospitali. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Akapona, akaacha pombe, akakuapisha usimwambie mtu.

Kumbe ndiyo maana kila hadithi ya fahali ilipoanza ulikuwa ukitoka nje, na baadaye ukaacha kabisa kuja. Sisi tulisema una maringo. Nisamehe. Lakini nimekukasirikia pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi mlificha watatu, pamoja na shangazi.

Alhamisi watajaribu tena, kwa mpira mrefu wenye puto linaloushika utumbo na kuukunja taratibu, ili wafike mbali zaidi. Ikishindikana, kinachobaki ni kisu, na daktari amesema wazi kwamba moyo wa baba hautakihimili.

Jana nilimwambia baba kwamba najua. Akageukia ukutani. Kisha akasema, "Yule mtoto alinisukuma mimi, halafu mimi nikambebesha uongo. Mwambie nimemwondolea kiapo. Aje."

Barua hii nampa dereva wa lori la saruji. Itakufikia kesho jioni. Panda basi la Jumanne, usingoje ruhusa ya mtu.

Shangazi anakusalimu, anaona haya kuandika. Nibusie watoto, na mwambie shemeji anisamehe kwa kumnyang'anya mume ghafla hivi. Mungu akufungulie njia, akukutanishe na baba angali anazungumza.

Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu augue, ameniomba nimnyoe ndevu, usije ukamkuta vile. Chini ya povu ngozi ilikuwa ya manjano mpaka shingoni. Nilimwambia amependeza.

Mdogo wako akupendaye na akungojaye,
Kimbelembele