Injini ya Bustanini na Mbuzi wa Ntheo

Kisumu,
Jumapili jioni

Mama, Mwaitu wangu mpendwa,

Hamjambo huko Makindu? Magoti yako yamepata nafuu? Na mvua, imewakumbuka au bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi ni mzima, ninakula, ninalala, na hasira ninazo.

Barua ya kaka Mutua nimeipata. Anasema nisipoacha kazi hii, baba yake Musyoka atadai wale mbuzi wa ntheo walioletwa kunichumbia, na uchumba utakuwa umekufa. Najua mmesikia upande mmoja tu, kwa hivyo acha nikueleze.

Ile injini kuukuu ya gari la moshi iliyowekwa bustanini watu waitazame ilikuwa inaliwa na kutu. Tuliajiriwa kuisafisha, na mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Msimamizi akaniambia, "Wewe dada, shika sufuria upikie hawa wanaume chai." Lakini mlango wa tanuri, pale moto ulipokuwa ukiwashwa, ni mdogo. Wanaume wakajaribu kuingia, mabega yakakwama. Nikaweka sufuria chini, nikavaa ovaroli, nikaingia. Tangu siku hiyo chai wanajipikia.

Sasa, baba yake Musyoka alikuja huku kwa mkutano wa kanisa, akapita bustanini. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa natoka tanurini, kinyumenyume, suruali ikitangulia. Kugeuka, namwona baba mkwe! Nilipaswa kushika nthoni, heshima ya wakwe, nikae kando na kuinamisha macho. Lakini nilifurahi mno kuona mtu wa nyumbani. Nikamrukia, nikamshika mkono na masizi yangu yote. Koti lake la kanisani likabaki na alama za vidole.

"Ni wewe, Syombua?" akauliza. "Kwani umekuwa mwanaume siku hizi?"

"Hapana, baba. Nimekuwa mtu wa kazi."

Akaondoka bila kuaga. Kwa hilo koti niliomba msamaha, na bado naomba. Kwa kazi siombi. Marehemu baba alichochea moto wa injini hizi hizi, na akirudi mweusi tititi ulimchinjia kuku, mtaa mzima ukimwita fundi. Mimi nikiwa mweusi ndiyo aibu? Aibu gani hiyo inayochagua watu?

Musyoka nampenda, Mwaitu, sikufichi. Lakini kazi siachi. Mwambie Mutua asiende kuniombea radhi kwa mtu yeyote. Mbuzi wakidaiwa, wafungueni, wapelekeni kwao Kalamba mchana, watu wote wakiona.

Nisalimie nyanya, na mdogo wangu Mwende, asiache shule. Nisalimie pia akina mama wa kwaya, hata wale wanaonisema.

Na Musyoka mwambie hivi: kama ananitaka, aje mwenyewe, asimtume baba yake. Upande mmoja wa injini bado una kutu, na brashi ya pili ninayo.

Ni mimi binti yako,
Syombua